Maji ya Wenyeji

Spesioza hajui kuongea taratibu, hata kwenye simu. Alinipigia asubuhi nikiwa jikoni namenya ndizi, na kabla sijasema lolote akaanza: "Kocha! Kocha Domi! Shikamoo! Umekaa? Kaa kwanza!" Nikamwitikia marahaba, nikamdanganya kwamba nimekaa, kumbe nimesimama na kisu mkononi. Ndipo akaniambia kwamba chuo cha ualimu anakofundisha sasa, kule Biharamulo, kinaandaa mafunzo ya makocha wa vyuo. Vijana watatoka wilaya zote za jirani, na anatafutwa mtu mzima wa kuyafungua kwa kusimulia ukocha ulivyokuwa enzi zetu. Jina langu alikuwa ameshalitoa bila kuniuliza. "Na Mwalimu Yusufu atakuwepo," akasema. "Anatembelea mkongojo siku hizi, lakini ameapa akisikia unakuja atafika hata kwa kubebwa." Nilicheka kwa sauti hadi jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Nikamjibu naenda Biharamulo. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna netiboli, akaondoka akitikisa kichwa.

Watu wakiambiwa kwamba niliwahi kuwa kocha huutazama mwili wangu wa sasa, kisha hunyamaza kwa adabu. Siwalaumu. Lakini mwaka ule nilikuwa mwembamba, nina mbio, nina mdomo, na nilikuwa nimetoka kumaliza ualimu katika chuo kidogo pale Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Wenzangu walipangiwa shule wakatawanyika. Mimi chuo kilinibakiza kwa mwaka mmoja nimsaidie Mwalimu Leonidasi, mkufunzi wa michezo na kocha wa timu ya netiboli ya wasichana. Mwisho wa mwaka ingefanyika kozi ya makocha Biharamulo, na chuo chetu kilikuwa na nafasi moja tu, na mtu wa kupendekeza nani aende alikuwa Leonidasi. Nikiipata, ningekuwa kocha. Nikiikosa, ningepelekwa kufundisha hesabu darasa la tatu popote watakapoona panafaa, na habari za michezo ningezisikia redioni. Niliitaka ile kozi vibaya sana. Nilikuwa naiota.

Nilipewa chumba nyuma ya stoo ya michezo. Kilikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, na dirisha lililotazama uwanja, na mle ndani kulinuka ngozi ya mipira, chokaa ya kuchorea mistari na jasho la jezi zilizokosa jua. Sijawahi kulala mahali nilipopapenda kama pale. Ukuta uliokitenga chumba changu na ofisi ya Leonidasi ulikuwa wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya kijani, na hakuna neno lililosemwa upande wa pili lisilonifikia. Ndivyo nilivyomsikia jioni moja akimwambia makamu mkuu wa chuo, "Huyu binti ana jicho. Nimefundisha wengi, sijaona mwenye jicho kama lake." Nilijiziba mdomo kwa mto nisije nikapiga vigelegele. Kisha akaongeza, "Kasoro yake ni huruma. Akiiacha, atafika." Makamu akamuuliza, "Na asipoiacha?" Leonidasi akasema, "Basi akafundishe watoto kuhesabu." Nikautoa mto mdomoni. Jioni ile sikwenda hata bwaloni kula, nilibaki nimekaa kitandani najiuliza huruma huachwaje.

Nisimchafue marehemu. Leonidasi alikuwa kocha, tena kocha haswa. Jezi za timu alizishona mwenyewe, kwa mkono, kwa mishono midogo ambayo hata mama zetu wangeionea wivu. Akisimama pembeni ya uwanja hakuwa mtu wa kupiga makelele kama mimi. Alikunja mikono nyuma, akaona kila kitu. Siku ya kwanza kabisa aliniuliza, "Unatazama nini?" Nikasema natazama mpira. Akasema, "Mpira hauchoki. Mpira hauumwi, hauna mawazo, haukuachwa na mchumba. Tazama miguu." Nikaanza kutazama miguu. Ndani ya wiki chache nilikuwa najua nani amelala vibaya, nani ana kiatu kinachombana, nani ataruka upande upi kabla hajajua mwenyewe. Furaha niliyoipata kwa kitu hicho kimoja siwezi kuieleza nikaimaliza. Ilikuwa ni kama nimefunguliwa mlango nyumbani kwangu mwenyewe, nikakuta kuna chumba sikukijua.

Lakini alikuwa na sheria zake, na kubwa kuliko zote ilihusu maji. Katika mazoezi ya Leonidasi hakuna aliyekunywa maji mpaka kipenga cha mwisho. Alisema maji yanalifanya tumbo zito na moyo mwepesi. Wasichana walipanda kile kilima cha nyuma ya chuo, wakashuka, wakapanda tena, midomo imewakauka, na ndoo iko pale pale wanaiona. Spesioza, aliyekuwa mfungaji wetu na mtundu kuliko wote, aligundua njia. Aliomba ruhusa ya kunawa uso kwa sababu jasho linaingia machoni, na katika kunawa huko alikuwa anameza. Mimi niliona, kwa kuwa nilikuwa natazama. Sikusema, na nadhani Leonidasi naye aliona, akanyamaza kwa sababu Spesioza alikuwa anafunga kutoka pembe yoyote utakayomweka.

Jumapili baada ya misa mtu huyo huyo aligeuka mwenyeji mkarimu kuliko wote pale Nyamiaga. Sebuleni kwake palikuwa na viti vya kusuka, picha ya Bikira Maria, na chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati, na wakufunzi wenzake walijaa mpaka kizingitini. Mimi nilikaribishwa pamoja nao, napewa kigoda na sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, zenye kitunguu kingi kama alivyopenda. Kwetu Ngara mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja. Mwenyeji anakunywa kwanza, mbele ya macho yako, ujue kwamba ndani ya chungu kuna kinywaji na hakuna kingine. Leonidasi aliifanya desturi hiyo kwa heshima zote. Alivua kofia, akavuta kwa mrija, akameza taratibu, akamtazama mgeni usoni, ndipo akampisha. Na mgeni akishaonjewa, kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Nilimwona siku moja akimfuata mzee mmoja hadi barabarani kwa sababu ameondoka bila kunywa.

Mechi ya mwaka ilikuwa ya kwenda Biharamulo kugombea kombe na chuo cha kule. Miezi miwili kabla yake hatukuongea kitu kingine. Leonidasi aliwahi kupeleka timu kwenye uwanja ule, wasichana wake wakaharisha usiku wa kuamkia mchezo wakafungwa vibaya, na tangu siku hiyo aliamini kwamba maji yao yalitiwa dawa. Waliokuwepo walininong'oneza kwamba wasichana wale walikuwa wamekula mapera mabichi njia nzima, ila ungeanzia wapi kumwambia. Amri ikatoka: maji ya wenyeji hayanywewi. Tungebeba yetu kutoka Nyamiaga, kwenye madumu ya njano, na mlinzi wa madumu ni Domitila.

Nilikesha nayo hayo madumu kama mtoto mchanga. Asubuhi tukapanda lori la chuo, wasichana nyuma wanaimba, mimi nimekalia dumu. Enzi hizo magari yalipita lile pori la njiani kwenda Biharamulo kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa hofu ya majambazi, na msafara hausubiri mtu. Tulikaa muda mrefu tukingoja magari yatimie, na katika kungoja huko machungwa yote ya mapumziko ya mechi yakaliwa. Tukaondoka. Katikati ya pori, kwenye mpando, lori likaanza kutoa moshi. Mzee Bukuru, dereva wetu, akaruka chini, akafungua boneti, akarudi amejifuta mikono kwenye suruali. "Lejeta imechemka, mwarimu. Nahitaji maji."

"Tafuta," akasema Leonidasi.

"Ntatafuta wapi humu? Msafara unatuacha." Akaninyooshea kidole pale nilipokalia. "Yare pare."

Nilimtazama Leonidasi. Askari wa nyuma alikuwa anapiga honi. Leonidasi akageuza uso akasema, "Mpe." Maji yote tuliyoyabeba kutoka Nyamiaga, yaliyochemshwa, yaliyochujwa kwa kitambaa, yakaingia kwenye rejeta, na rejeta ikayanywa huku inaguguma. Wasichana waliacha kuimba. Spesioza ndiye aliyevunja ukimya: "Jamani, leo lori ndilo litakalocheza senta!" Tukacheka mpaka tukashikana, hata Leonidasi niliona bega lake linatikisika.

Tulifika tumechelewa, jua limesimama wima, na uwanja chini ya boma la Mjerumani umejaa watu hadi juu ya kuta. Kelele zile! Nilitaka kuingia nicheze mwenyewe. Wasichana wawili wa chuo mwenyeji walikuja na ndoo yenye kifuniko na vikombe, wakapiga magoti kidogo, wakatukaribisha maji. Wachezaji wangu wakaitazama ile ndoo, halafu wakamtazama Leonidasi. "Asanteni, wanangu," akawaambia wale mabinti kwa upole. "Tumeshakunywa." Nikamuuliza pembeni kama naweza kukimbia mjini nikachote bombani. Akasema, "Bomba la mjini ni la nani? Si la Biharamulo?"

Robo ya kwanza tuliwachezea. Sina neno jingine. Mpira ulitoka nyuma ukafika kwa Spesioza kabla wenyeji hawajageuza shingo, na yeye anafunga, anafunga, anageuka kuniangalia, anacheka. Robo ya pili wakatukaribia. Mapumziko, wasichana wangu wakakaa chini bila kuongea, na wasichana wangu kutoongea si jambo la kawaida. Robo ya tatu nikaanza kuona. Spesioza alikuwa akishika mpira, anatua, na mguu wa kulia unachelewa kidogo nyuma ya wa kushoto. Kisha ukawa unachelewa zaidi. Shingo yake, iliyokuwa inameremeta jasho, ilikuwa kavu na ina chumvi.

"Mwalimu, miguu yake," nikasema.

"Nimeiona."

"Jasho limemkauka."

"Nimeona, Domitila. Imebaki robo moja na kidogo."

Hilo ndilo lililonichoma. Kama asingeona, ningemwonea huruma. Lakini aliona kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuona. Spesioza akadaka mpira mwingine, akauinua, akautupa, haukufika hata kwenye pete. Akashika nguzo ya goli kwa mikono miwili, akateremka nayo taratibu mpaka chini. Mwamuzi akapuliza kipenga. Nilikuwa nimeshafika pale kabla sauti ya kipenga haijaisha, Leonidasi nyuma yangu. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Spesi. Inuka, mwanangu. Kidogo tu." Na yule mtoto, kwa jinsi tulivyompenda mwalimu yule, akaanza kuinuka. Magoti yakakataa.

"Haingii tena huyu," nikasema.

"Nani amesema?"

"Mimi."

Akanitazama. Watu wa juu ya ukuta walikuwa wanazomea, wanataka mchezo uendelee. Na hapo ndipo nilipomwona kocha wa wenyeji anavuka uwanja, ndoo mkononi, taulo begani, anatembea bila haraka kama anakwenda shambani. Nilimjua kwa jina tu, Mwalimu Yusufu, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma. Alipofika, akaweka ndoo chini, na pamoja na yote yaliyokuwa yanaendelea akaanza na adabu: "Shikamoo, Mwalimu Leonidasi." Leonidasi, pamoja na yote yaliyokuwa yanaendelea, akajibu marahaba.

"Huyu binti anahitaji maji," akasema Yusufu.

"Tunashukuru. Hatunywi."

"Nilifundisha kwenu Rulenge miaka kadhaa, mwalimu wangu. Nimekula kwenu, nimekunywa kwenu togwa na maziwa. Najua nyumbani kwenu mgeni anavyonyweshwa." Akavua kofia. Akachota kikombe kikajaa, akakiinua, akanywa. Hakuonja, alikunywa chote, tunaona koo linavyopanda na kushuka, na alipomaliza akakipindua kikombe kila mtu aone. Kisha akachota tena, akakishika kwa mikono miwili, akamnyooshea Leonidasi.

Mikono ya Leonidasi ilibaki nyuma. Niliviona vidole vinavyofinyana. Mtu aliyemfuata mzee barabarani kwa sababu ya rubisi! Kikombe kikakaa hewani, hakuna anayekipokea, na Yusufu hakukishusha. Nikanyoosha mkono.

"Domitila," akasema Leonidasi bila kunitazama. "Ukiyanywa hayo, ile kozi usahau."

Nilisikia vizuri. Wachezaji wangu wote walisikia. Niliiona kozi yangu inaondoka, nikaliona darasa la tatu na ubao wake, nikataka kulia, na katika kutaka kulia huko nikakipokea kile kikombe nikanywa. Yalikuwa ya baridi, yananukia mtungi. Sijawahi kunywa maji matamu namna ile. Nikachota mengine nikamwekea Spesioza mdomoni, kidogo kidogo, nikawageukia wengine nikawapigia kelele kwa Kihangaza na Kiswahili mchanganyiko: "Amazi! Ni amazi tu, njooni!" Wakaja wote kwa pamoja, nusura wamwangushe Yusufu.

Spesioza tukamlaza kwenye kivuli cha ukuta, taulo la Yusufu limelowekwa kichwani kwake, na mahali pake akaingia Pelagia, msichana wa akiba, mfupi, mwenye haya, ambaye mwaka mzima alikuwa hajacheza hata robo moja kamili. Sasa sikilizeni. Wale wasichana walikuwa wamefufuka! Waliruka, wakadaka, wakapasiana kama asubuhi na mapema, na Pelagia akafunga. Akafunga tena. Kutoka kivulini Spesioza alikuwa anamfundisha kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni: "Piga magoti kwanza! Usiogope pete, haing'ati!" Wenyeji wakasawazisha. Tukapita. Wakasawazisha. Na mwamuzi akiwa ameshaangalia saa, Pelagia akapokea mpira akiwa ameipa pete mgongo, akageuka, akautupa juu kabisa, ukagonga chuma, ukazunguka, ukazunguka, na ukaingia. Kipenga. Sikumbuki nilikimbia vipi. Nakumbuka nimembeba Pelagia mgongoni na sauti yangu imekauka kabisa.

Nilipogeuka, Leonidasi alikuwa pale pale, mikono nyuma, peke yake.

Jioni wenyeji walitupa chakula bwaloni: wali, sato wa mchuzi wa nyanya, na mchicha. Yusufu alikwenda meza hadi meza, akamega kipande cha samaki kwenye kila sinia, akala, akasema karibuni. Wasichana walikuwa wameshaanza kula kabla hajafika. Sisi walimu wawili tulipelekwa kula katika chumba cha wageni kilichokuwa ubavuni mwa ofisi. Leonidasi alikuwa hajaniongelesha tangu uwanjani. Tulikaa na sinia katikati yetu, yeye hali, mimi nala kwa mwendo wa mtu aliyepoteza kila kitu na bado ana njaa. Ndipo nikasikia sauti, nikainua kichwa, na nikagundua kwamba ukuta wa chumba kile nao ni wa mbao.

"Umewanywesha ndiyo wakatufunga!" Mtu alikuwa anafoka, sauti ya mkubwa fulani wa chuo. "Walikuwa wameshakwisha! Ungewaacha robo moja tu, kombe ni letu!"

"Ni kweli," ikasema sauti ya Yusufu.

"Sasa wewe ni kocha wa nani?"

Yusufu akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilitaka kuwafunga wakiwa wazima. Kumfunga mgonjwa kuna haja gani ya kufundisha timu? Ningengoja tu jua lifanye kazi."

Yule mkubwa akasema mengine mengi, makali, na tukasikia mlango unabamizwa. Leonidasi alikuwa ameacha kutazama ukuta, anatazama sinia. Halafu akanyoosha mkono, akamega sato kutoka ubavuni, sehemu nene, akaanza kula. Alikula kila kitu, akachukua na mkia.

Asubuhi lori lilikuwa limeshawashwa aliponiita.

"Domitila."

"Naam, mwalimu."

"Yale madumu."

"Matupu, mwalimu."

"Yajaze."

"Nikayajaze wapi?"

"Hapa, bombani kwao! Ulitaka ukayajaze wapi, Bukoba?" Akajikohoza. "Na ujiandae kwa kozi. Ila siku nyingine ukitaka kunipinga, nipinge ofisini."

"Siku nyingine mtu akianguka ofisini, mwalimu, nitakupinga ofisini."

Nilishangaa mwenyewe ilivyonitoka. Alinitazama, kisha akageuza uso kutazama boma la Mjerumani kule juu, kama ndiyo kwanza analiona, na bega lake likatikisika kama jana yake porini. Nikakimbia na madumu yangu bombani, nacheka, machozi yananitoka, nimelowa mpaka magotini kwa kushindwa kulenga bomba. Njiani Mzee Bukuru alisimama akaongeza maji kidogo, akafunga boneti akatangaza, "Hata lejeta imeyakubari!"

Nilikwenda kozi, na aliyetufundisha sehemu kubwa alikuwa Yusufu. Nilijifunza mengi ya ufundi: kwa nini mwili unakausha jasho, kwa nini kile kilima cha Nyamiaga bila maji kilikuwa kinawala wachezaji wetu badala ya kuwajenga, namna ya kupanga mazoezi ya wiki, namna ya kuwatazama wanaokaa benchi. Niliporudi nilimweleza Leonidasi yote kwenye ile ofisi ya mbao za kijani, naye akabisha kila kitu. Kesho yake ndoo ilikuwa katikati ya uwanja. Alisimama kando yake akiwa amekunja uso, na wasichana walipokuja akachota kikombe, akanywa kwanza yeye, ndipo akawapisha. Alifanya hivyo katika kila mazoezi mpaka alipostaafu. Tulipomzika, timu karibu nzima ilikuja, wamama wazima na miwani yao, na hakuna aliyezungumzia makombe. Walizungumzia jezi, na ndoo.

Basi wiki iliyopita nikaenda Biharamulo. Spesioza alinipokea stendi kwa vifijo, mnene kama mimi, filimbi shingoni. Ukumbini walikaa makocha vijana, wake kwa waume, na traksuti zao nzuri, simu mezani, na kila mmoja ana chupa yake ya maji ya dukani, imefungwa. Niliwapenda mara moja. Mmoja akasimama akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo mama. Mkuu wa chuo akikuambia lazima ushinde, na ukishindwa timu unanyang'anywa, unafanyaje?" Nikawasimulia haya niliyowasimulia ninyi. Niliruka, nikaonyesha Pelagia alivyogeuka, nusura nianguke, wakapiga makofi. Nilipofika kwenye kikombe kilichokaa hewani sauti ikaniishia kabisa, koo limekauka kwa maneno.

Mwalimu Yusufu alikuwa mstari wa mbele, kofia yake ya kufuma kichwani. Akaegemeza mkongojo kwenye kiti, akainuka, akakataa kushikwa mkono na Spesioza. Kwenye meza yangu kulikuwa na jagi na kikombe. Akavua kofia, akamimina, maji mengine yanamwagikia kitambaa, akakiinua kikombe kuelekea mdomoni kwake, kama desturi inavyotaka. Nikakichukua mkononi mwake kabla hakijafika, nikanywa chote.

"Sijaonja," akasema.

Nikamwambia najua, mwalimu, nikamrudishia kikombe aniongezee.